Dalili ya Mvua ni Mawingu: Ufundishaji wa Sayansi ya Maada na ya Dunia kwa Watoto wa Keroka kupitia Mtandao

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtanabahisha mtu kuhusu jambo linalokaribia kutokea. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi, methali hii ni kauli ya kisayansi: inataja ishara, inataja tokeo, na inadai kwamba pana uhusiano baina ya mawili hayo. Mtoto wa Gredi ya Nne anaweza kuipima kauli hiyo. Akiandika kwa siku thelathini iwapo mawingu yalitanda na iwapo mvua ilinyesha, atagundua kwamba si kila wingu huleta mvua, na ataanza kuuliza ni wingu la aina gani hasa linaloileta. Hapo atakuwa ameingia katika sayansi kupitia mlango wa lugha.

Makala haya yanaeleza jinsi sayansi ya maada na nishati, pamoja na sayansi ya ardhi na anga, inavyoweza kufundishwa kwa watoto wa shule za msingi kupitia mtandao. Mfano unaozingatiwa ni mji wa Keroka na vijiji vinavyouzunguka, mahali ambapo kaunti za Kisii na Nyamira zinapakana. Hoja inayotetewa ni kwamba mtandao huwa na manufaa katika masomo haya pale tu unapomwelekeza mtoto aondoe macho kwenye kioo cha simu na kuyatazama mazingira yake. Fauka ya hayo, inadaiwa kwamba Kiswahili kina kazi ya kufanya katika safari hiyo, kazi ambayo wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii hawapaswi kuwaachia walimu wa sayansi peke yao.

Mwaka ambao shule zilihamia hewani

Jumapili, Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote nchini Kenya kutokana na janga la Korona. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, 2020, ilhali wengi wa wenzao walisubiri hadi Januari 4, 2021. Katika muda huo, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilisambaza masomo kwa redio ya KBC, kwa runinga, kwa YouTube na kwa hazina yake ya mtandaoni iitwayo Wingu la Elimu la Kenya. Kwa waliokuwa na simu za kawaida, zile ambazo watu huziita mulika mwizi, palikuwapo na huduma kama Shupavu 291 ya Eneza Education, iliyotuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi.

Hili halikuwa jaribio la kwanza la kuingiza teknolojia katika shule za msingi. Kuanzia mwaka wa 2016, serikali ilikuwa imegawa vishikwambi zaidi ya milioni moja kwa shule za umma kote nchini. Tatizo ni kwamba vifaa hivyo vilikuwa mali ya shule. Milango ya shule ilipofungwa, navyo vilifungiwa ndani, na mtoto akabaki na kile kilichokuwamo nyumbani. Katika nyumba nyingi za Keroka, kilichokuwamo ni simu moja, na simu hiyo iliondoka alfajiri na mama aliyekwenda sokoni au na baba aliyekwenda kuchuma majani chai, ikarudi jioni ikiwa na chaji kidogo na bila bando.

Katika mwaka uo huo, jambo la ajabu lilitokea juu ya anga la Gusii. Mwezi Julai 2020, kampuni ya Loon, iliyokuwa dada ya Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa huduma ya intaneti kwa kutumia maputo makubwa yaliyoelea takribani kilomita 20 juu ya ardhi. Eneo lililohudumiwa lilikuwa la kilomita mraba 50,000 hivi, nalo lilijumuisha Kisii, Kisumu, Kericho, Bomet na Narok miongoni mwa sehemu nyingine. Maputo hayo hayakuwa na injini ya kuyasukuma. Yalipanda au kushuka ili yapate upepo unaovuma kuelekea yalikotakiwa kwenda. Mradi huo ulitangazwa kufungwa Januari 2021 kwa sababu za kibiashara.

Kisa hicho kina funzo mara mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba njia ya mawasiliano inayotegemea mtu wa mbali inaweza kutoweka usiku mmoja. Pili, lile puto lenyewe lilikuwa somo. Kwa nini chombo kilichojaa gesi nyepesi kuliko hewa huelea? Kwa nini upepo wa juu huvuma kuelekea upande tofauti na ule wa chini? Somo la sayansi lilikuwa likipita juu ya vichwa vya watoto, likiwaletea masomo mengine.

Uwezo wa kioo na mipaka yake

Ni haki kwanza kukiri yale ambayo mtandao huyafanya vyema. Hakuna mwalimu awezaye kuleta volkeno darasani, wala kupunguza mwendo wa tone la maji linaloanguka ili mtoto alione umbo lake. Filamu fupi huweza. Vilevile, yapo majaribio ya kuiga ambayo mtoto huyaendesha mwenyewe kwa kidole. Mfano ulio maarufu ni PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani ulioasisiwa mwaka wa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka wa 2001. Humo mtoto anaweza kuongeza joto na kuona chembe za maji zikitawanyika, jambo ambalo jicho halilioni hata kwenye sufuria inayochemka. Majaribio mengi ya aina hiyo huweza kupakuliwa mara moja na kutumiwa baadaye pasipo intaneti.

Hata hivyo, kioo kina mipaka. Uzito haujulikani mpaka mkono uubebe. Msuguano haujulikani mpaka kiganja kisugue ubao. Mtoto aliyeona filamu kumi za mmomonyoko wa udongo anaweza kushindwa kutambua kwamba maji mekundu yanayoteremka kwenye mtaro ulio nyuma ya jiko lao ndio mmomonyoko wenyewe. Amejifunza neno na picha. Jambo lenyewe hajalijua.

Mpaka mwingine ni wa mahali. Masomo mengi yaliyomo mtandaoni hutungwa katika nchi za kaskazini. Mtoto wa Keroka anapofundishwa kwamba mwaka una majira manne, kwamba theluji huanguka Desemba na miti hupukutisha majani Oktoba, hufundishwa mambo ambayo ni kweli kwingine lakini hayapo mlangoni pake. Atayakariri ili apite mtihani, na moyoni atajenga imani kwamba sayansi ni habari za ugenini. Hasara hii ni kubwa kuliko ya kukosa bando. Aliyekosa bando leo huenda akalipata kesho, bali aliyeaminishwa kwamba kwao hakuna cha kuchunguza huacha kuuliza.

Keroka kama maabara

Ukweli ni kwamba Keroka ni maabara iliyojaa vifaa. Tuanze na jua. Mji huu uko kusini mwa ikweta kwa pungufu ya digrii moja. Kwa hiyo, takribani Machi 18 na Septemba 25, jua la adhuhuri hupita utosini na kijiti kilichosimamishwa wima karibu hakitoi kivuli. Mnamo Juni 21, jua likiwa upande wa kaskazini, kijiti cha urefu wa mita moja hutoa kivuli cha sentimita 45 hivi kuelekea kusini. Mnamo Desemba 21, kivuli hicho huwa cha sentimita 42 hivi na huelekea kaskazini. Mtoto anayepima kivuli mara moja kwa wiki ataona dunia ikizunguka jua bila kutoka uani. Isitoshe, atashangaa kwamba kivuli hakiwi kifupi kabisa saa sita kamili, bali karibu saa sita na dakika 40. Sababu ni kwamba saa za Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Keroka iko karibu digrii 35. Tofauti ya digrii 10 ni dakika 40 za mzunguko wa dunia.

Hapa ndipo lugha inapotoa msaada usiotarajiwa. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo: jua likishachomoza, saa moja inafuata. Hesabu hiyo hufaa mahali ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, yaani karibu na ikweta. Ingetumiwa London, macheo ya Juni na ya Desemba yangepishana kwa saa kadhaa na hesabu ingevurugika. Mtoto anayeuliza kwa nini Waswahili husema saa moja pale Mwingereza anaposema saa saba, huwa ameuliza swali la sayansi ya dunia.

Tuje kwenye mvua. Nyanda za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Asubuhi jua hupasha ardhi joto, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa huko juu, na mvuke hugeuka kuwa matone. Unyevu wa Ziwa Viktoria nao una mchango wake. Chupa ya plastiki iliyokatwa juu na kutiwa alama za rula hutosha kuwa kipimamvua, mradi iwe na pande zilizonyooka na kitako bapa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Basi mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mabati lenye mita mraba 40, lita 400 za maji huteremka, sawa na mitungi 20 ya lita 20. Mtoto anayetumwa mtoni kuteka maji hataisahau hesabu hiyo.

Mvua ya mawe, ambayo huharibu majani chai kwa dakika chache, hueleza kwamba mawingu marefu ya radi hufika kwenye baridi ya kugandisha maji hata karibu na ikweta. Radi nazo, ambazo ni nyingi katika eneo hili, hufundisha mwendo wa nuru na wa sauti. Nuru hufika papo hapo; sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Sekunde tatu baina ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja. Jaribio hili lifanywe ndani ya nyumba pekee, na mtoto aambiwe wazi kwamba akisikia ngurumo akiwa shambani au chini ya mti, kazi yake ni kuingia ndani wala si kuhesabu.

Jiko pia ni darasa. Kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo hewa inavyopungua kumkandamiza, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Selisiasi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, huchemka karibu nyuzi 93. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva milimani kuliko Mombasa, hata yakipikwa kwa moto uo huo.

Hatimaye kuna udongo na mawe. Konzi ya udongo ikitiwa katika chupa ya maji na kutikiswa, mchanga hutua kwanza, kisha chembe ndogo zaidi, na mfinyanzi hubaki ukielea kwa saa nyingi. Jaribio hili hueleza kwa nini mto Gucha, unaoanzia nyanda za juu za Nyamira na kuishia Ziwa Viktoria, hugeuka rangi wakati wa masika. Kuhusu mawe, wenyeji wa Tabaka katika Kaunti ya Kisii wamechonga vinyago kutokana na jiwe la sabuni kwa vizazi vingi. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu. Kipande chake kidogo kikilinganishwa na kokoto ya barabarani huanzisha somo zima la ugumu wa madini.

Nafasi ya Kiswahili

Sera ya elimu nchini Kenya huelekeza kwamba watoto wa gredi za mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na kuanzia Gredi ya Nne wafundishwe kwa Kiingereza. Hivyo mtoto wa kijijini Keroka huanza akiwa na Ekegusii. Huzungumza juu ya embura, amache na rigena, kisha ghafla hutakiwa kueleza mvua, maji na jiwe kwa lugha ngeni wakati uo huo anapokutana na dhana ngeni. Ni mizigo miwili juu ya kichwa kimoja.

Kiswahili, ambacho mtoto huyo hukisikia sokoni, redioni na shuleni, kinaweza kuwa daraja. Ni jamaa ya Ekegusii: embura na mvua, amache na maji, ni maneno yanayoonyesha undugu hata kwa sikio la mtoto. Aidha, si kweli kwamba Kiswahili hakina istilahi. Tanzania imefundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu miaka ya 1960, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimewekwa katika maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu wa Keroka anaweza kuvisoma kwa simu.

Baadhi ya istilahi hizo hutenganisha dhana vizuri. Joto ni nishati, halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo moto au baridi. Tungamo ni kiasi cha maada, uzito ni mvuto wa dunia juu ya maada hiyo. Nyingine huhitaji uangalifu. Mtoto wa Keroka akisikia neno presha, hufikiria maradhi ya nyanya yake, si hewa inayokandamiza maji ya sufuriani. Mwalimu akimpa neno kanieneo bila maelezo, atakuwa amempa gamba lisilo na kiini. Ni heri aanze na tendo, yaani kikombe cha maji kilichofunikwa kwa karatasi ngumu na kupinduliwa bila maji kumwagika, ndipo alete neno. Jambo litangulie, jina lifuate.

Mfano wa somo moja

Somo la uvukizi linaweza kutumwa kwa simu yoyote. Jioni, simu irudipo nyumbani, ujumbe mfupi humwagiza mtoto atie vijiko vitano vya maji katika kila kimojawapo cha vyombo viwili, sahani pana na kikombe chembamba, na kuviweka mahali pamoja. Kabla ya kulala huandika daftarini utabiri wake: ni kipi kitakauka kwanza, na kwa nini? Kesho yake, asubuhi, adhuhuri na jioni, hutazama na kuandika. Simu haihitajiki mchana huo. Jioni ya pili hutuma jibu lake, naye mwalimu hutuma swali jipya: je, kikombe kingewekwa juani na sahani kivulini, mambo yangekuwaje? Wenye simu za kisasa huongezewa filamu ya dakika tatu inayoonyesha chembe za maji zikitoka kwenye uso wa maji. Asiyeiona filamu hajapitwa na somo; amepitwa na pambo lake tu.

Somo la namna hii linatimiza mambo matatu. Linatumia intaneti kidogo, linamfanya mtoto atabiri kabla ya kuona, na linamtaka aandike. Kuandika ni muhimu, kwani kumbukumbu ya daftari haibadiliki ili kumridhisha mwenyewe.

Vikwazo na wajibu wa mwalimu

Haifai kudai kwamba njia hii haina vikwazo. Mtoto ambaye mzazi wake hasomi ujumbe huhitaji kaka, dada au jirani. Mtoto anayefanya kazi mchana kutwa hana nafasi ya kuchunguza kivuli. Tena majaribio yanayohusu moto, umeme au maji marefu hayapaswi kutumwa kwa simu kamwe, kwa kuwa mwalimu hayupo kuzuia mkono. Zaidi ya yote, pasipo mwalimu anayejibu, masomo ya mtandaoni hugeuka kuwa matangazo. Mtoto aliyetabiri vibaya huhitaji mtu wa kumwambia kwamba kukosea utabiri si aibu, na kwamba hapo ndipo kujifunza kunapoanzia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kufundisha sayansi ya maada na ya dunia kupitia mtandao hakutegemei tu wingi wa vifaa. Kunategemea swali linalotumwa kwa kifaa hicho, na mahali linapompeleka mtoto. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuchangia kwa kutafsiri na kusanifu masomo mafupi, kukusanya methali na vitendawili vinavyohusu maumbile, na kupima istilahi kwa masikio ya watoto wenyewe kabla ya kuzisambaza. Kazi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni.

Alasiri yoyote ya mwezi wa Aprili, mawingu hujikusanya juu ya vilima vya Keroka. Mtoto aliyefundishwa vyema hatasema tu kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ataitoa chupa yake nje, aiweke mbali na mti, arudi ndani kabla ya ngurumo, na asubiri kuona kama wahenga walisema kweli.